Eti mgonjwa aje mwenyewe aseme anaumwa

Naandika hasira ikiwa bado haijashuka, kwa hiyo anayetaka maneno ya adabu amsubiri mwingine. Kliniki siitaji jina. Ni mojawapo ya hizi za methadone, dawa ya kunywa ya sisi tunaoacha unga, yaani heroini, hapa Dar, na wanaokunywa pale wataitambua nikifika kwenye habari za dirisha.

Nianze na namna wanavyokupokea, maana hapo ndipo nilipodanganyika nikaona kumbe kuna watu wananijali. Huwezi kuamka tu ukaenda kugonga geti ukasema nataka dawa. Mimi walinikuta maskani vijana wa asasi moja wanaozungukia vijiwe, wakanibembeleza wee, nikawatukana, wakarudi tena. Kisha vikao. Unapimwa mkojo waone kama unga umo kweli, unapimwa virusi, homa ya ini, kifua kikuu. Halafu lazima uje na msindikizaji, ndugu aliye tayari kuandikisha jina lake na namba yake ya simu. Alikuja dada yangu mkubwa. Yule yule ambaye mtungi wake wa gesi nilikuwa nimeshauuza. Karani alimrudishia namba yake mara mbili, tarakimu moja moja, akamwambia, "Hii ni muhimu sana, dada, likitokea lolote tunakupigia wewe." Ikumbukeni hiyo namba.

Siku ya kwanza nikapewa miligramu 30. Nikadhani wananibania. Kumbe dawa hii haitoki mwilini upesi, ya jana inaikuta ya leo, kwa hiyo wakikupa nyingi mwanzoni inajazana mpaka pumzi inakata. Wakapandisha taratibu hadi 90, na kwenye 90 ndipo nikalala usiku kucha bila kuamshwa na mifupa.

Tangu hapo ni kila siku, Jumapili na Idi. Unafika dirishani, kadi, mfamasia anakutazama wewe na picha, anakumiminia kwenye kikombe cha plastiki, unakunywa mbele yake. Kisha anakwambia, "Ongea." Utataja jina lako, utasema habari za asubuhi, chochote, ili aone hujaificha dawa mdomoni ukaiuze nje. Mara ya kwanza inaudhi. Baadaye nikazoea, hata nikawa namsalimia kwa mbwembwe.

Sasa masika haya yaliyopita nikaugua malaria, ile kali, nikalazwa hospitali nyingine kabisa. Siku ya pili wodini arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, ikanikuta. Makamasi, miayo isiyoisha, tumbo linakoroga, miguu inarusha mateke yenyewe. Daktari wa wodi anasema ni malaria. Namwambia dokta, mimi niko kwenye methadone, akanitazama kama nimemwambia nafuga simba nyumbani. Nikampa dada kadi yangu, nikamwambia nenda kliniki, waambie.

Akaenda. Aliyoyakuta amenisimulia mara nyingi, na kila akisimulia sauti inapanda.

"Shikamoo mama. Ndugu yangu amelazwa, hawezi kuja kunywa dawa."

"Marahaba. Aje mwenyewe aseme."

"Mama, amelazwa. Ana dripu."

"Mnajua kutunga nyie. Juzi hapa mmoja kafiwa na mama yake kwa mara ya pili."

Foleni ikacheka. Dada yangu, mtu mzima, mama wa watoto wanne, akaondoka na kadi mkononi huku watu wanacheka. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko arosto yenyewe.

Basi nikakaa wodini siku sita bila tone. Niliporuhusiwa sikupita hata nyumbani, nilikwenda moja kwa moja dirishani, karatasi ya kuruhusiwa mkononi ina muhuri bado mbichi. Jina langu halimo kwenye orodha ya siku. Nesi akavuta jalada langu, na juu, kwa wino mwekundu, herufi kubwa: MTORO.

Nikamwambia sijatoroka, nililazwa, karatasi hii hapa. Hakuishika. "Ulishatolewa." Nani kanitoa? "Umejitoa mwenyewe." Nikamsogezea tena karatasi. Akamgeukia mwenzake, akasema, wala hakunong'ona, "Teja ni teja tu."

Hapo nilipiga kelele, nakiri. Nilipiga dirisha kwa kiganja. Mlinzi akanishika ukosi, nikatolewa nje kweli sasa, ule utoro wao ukapata ushahidi. Alasiri ile nilifanya nini sisemi. Mkojo wangu wa kesho yake ulisema wenyewe. Nitasema tu kwamba nilivuta kidogo, na ni uoga ulionifanya nivute kidogo, maana mwili uliokaa bila dawa siku zote zile haukijui tena kipimo chako cha zamani. Wapo tuliowazika hivyo hivyo, katoka mahabusu leo, kapiga kete zake za siku zote, kesho tuko makaburini. Mtu anayeandika MTORO kwenye jalada anapaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Kesho yake nikarudi na dada. Tukapata daktari kijana, mpole, akaisoma karatasi yangu yote, mbele na nyuma. Nikamwambia nirudishie 90 yangu. Akasema, "Kaka, nikikupa 90 leo utalala na hutaamka. Siku sita ni nyingi. Tunaanza upya."

Upya kwelikweli, mkojo, kikao, fomu, 30. Nililia pale kwenye kiti. Ila naona niwe mkweli, kuhusu dozi alikuwa sahihi, na nusu ya malalamiko niliyokuja nayo yanafia hapo. Haikuwa adhabu. Lakini hizo siku sita nani kazitengeneza? Maana wapo wenzangu waliolazwa wakapelekewa dawa wodini, nesi kaja na kichupa na daftari la kusaini. Inawezekana. Wakitaka.

Na kumtoa mtu kwa heshima pia wanajua. Kuna mzee mmoja pale, fundi seremala, alipunguziwa matone kwa matone zaidi ya mwaka, siku yake ya mwisho hata mlinzi alipiga makofi. Yule ametoka. Mimi nilifutwa.

Nilikuwa nimeandika hapa "msiende". Nimelifuta. Tangu Muhimbili wafungue kliniki ya kwanza mwaka 2011, nimeona watu waliokuwa wanalala mtaroni sasa wanafungua maduka yao asubuhi, na dawa ni bure. Mimi mwenyewe nimemnunulia dada mtungi mwingine. Nendeni. Ila mkilazwa, mtumeni mwenye mdomo kuliko dada yangu, na asiondoke dirishani mpaka aandikiwe jina la aliyempokea. Loh, nashauri watu kama vile ni jambo la kawaida hili! Si la kawaida. Siku nyingine nikiwa kwenye foleni namtazama yule mama na natamani nimwage kikombe.

Siku ile ya kuanza upya karani, yule yule wa mwanzo, alichukua fomu mpya akamwomba dada namba ya simu. Dada akaitaja. Karani akairudia, tarakimu moja moja, akasema hii ni muhimu sana. Jalada langu la zamani lilikuwa wazi mezani, namba ile ile iko mstari wa pili, juu yake wino mwekundu. Dada akatoa simu kwenye pochi, akaiweka mbele yake, akamwuliza, "Hizi siku sita, baba, mlinipigia saa ngapi?"

Karani akaendelea kuandika.