Skyrim inafaa kununuliwa leo? Toleo la kuchukua na la kuacha

Kama una kompyuta ya Windows yenye RAM ya GB 8 na kadi ya picha inayojitegemea, nunua gemu ya The Elder Scrolls V: Skyrim Special Edition kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, wakati wa ofa, na usiongeze hata senti kwa ajili ya Anniversary Edition kabla hujaicheza. Kama una konsoli tu, usikimbilie kulipa. Jina kwenye kasha ni lile lile, lakini unachopewa kinatofautiana sana kutoka mashine moja hadi nyingine.

Gemu hii ya kampuni ya Bethesda ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, na ukiicheza tupu umri wake unaonekana. Mapigano ya upanga hayana uzito: unapiga, adui anapiga, atakayeishiwa damu kwanza ndiye anayeanguka. Hadithi kuu ya joka Alduin ni nyepesi, na kazi ndogo za vyama vya wapiganaji, wachawi na wezi hujirudia mpaka zinachosha. Kinachoibeba ni ulimwengu wenyewe. Ukishatoka Helgen, mji gemu inapoanzia, uko huru kwenda popote, na stadi zote 18 hupanda kwa kutumika, kwa hiyo anayetaka shabaha ya upinde hana budi kurusha mishale. Halafu kuna uangalifu wa waliotengeneza. Ndani ya Bleak Falls Barrow, makaburi ya kale yaliyo chini ya ardhi, utakutana na mlango wa mawe wenye duara tatu za alama. Dira inakufikisha mlangoni na kukuacha hapo. Fungua mkoba wako, chukua ukucha wa dhahabu ulioupata humo, uugeuze utazame kiganja chake: dubu, nondo, bundi. Ndiyo jibu la mlango. Milango ya aina hiyo ipo mingine, kila mmoja na ukucha wake, na kuchunguza kwa namna hiyo bado kuna utamu.

Hata hivyo, sababu kubwa ya kutoa pesa leo ni modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji na kugawiwa bure: mapigano mapya, hali ya hewa, wahusika wenye sauti, nchi nzima nzima. Kwa hiyo tunapanga matoleo kwa kuangalia uhuru linaokupa kila moja.

1. Special Edition ya Steam. Ilitoka tarehe 28 Oktoba 2016, ni ya biti 64, na nyongeza rasmi za Dawnguard, Hearthfire na Dragonborn zimo ndani. Bei kamili ni dola 39.99, lakini ofa huishusha chini ya dola 10 mara nyingi kiasi kwamba kuilipia bei kamili ni kupoteza. Faida yake kubwa ni SKSE, programu ndogo inayoipa injini ya gemu uwezo ambao haikuwa nao. SkyUI, menyu ambayo karibu kila mchezaji wa kompyuta anaitumia, haifanyi kazi bila SKSE, na modi nyingi nzuri za mapigano ni hivyo hivyo.

2. Special Edition ya GOG, duka jingine la mtandaoni. Haina kufuli la kidijitali, na unaweza kuhifadhi faili za kusakinishia kwenye diski yako. SKSE ina toleo lake la GOG. Ukiweka la Steam haitawaka. Inashika nafasi ya pili kwa sababu baadhi ya modi zenye faili za DLL (vipande vya programu vinavyoingia kwenye gemu kupitia SKSE) zimejengwa kwa kufuata Steam, na orodha nyingi za Wabbajack, programu inayosakinisha mamia ya modi kwa mpigo, zinadai toleo la Steam.

3. Anniversary Edition. Hii ni Special Edition ile ile pamoja na mzigo wa Creation Club, yaani nyongeza za kulipia zinazouzwa na Bethesda yenyewe, na ilitoka Novemba 2021. Mwenye Special Edition huongeza dola 19.99. Lakini uvuvi, hali ya kuhimili baridi na njaa, na nyongeza za Saints & Seducers na Rare Curios hupewa wenye Special Edition bila malipo. Kilichobaki ubora wake unapanda na kushuka, na kazi zake hukumiminikia mapema mno, barua juu ya barua, kabla hujaizoea dunia yenyewe. Inunue pale tu orodha ya modi unayoitaka inapodai maudhui hayo kwa jina.

4. Xbox. Modi zinapatikana ndani ya gemu, kwa nafasi ya GB 5. SKSE hakuna. Kwa mwenye konsoli, hili ndilo chaguo la kwanza, tena kwa mbali.

5. PlayStation. Nafasi ni ndogo zaidi, na Sony hairuhusu modi kuleta faili mpya kutoka nje: maumbo, picha na sauti vyote vitoke ndani ya gemu lenyewe. Mtengenezaji anaweza kupanga upya vilivyomo, basi. Modi uliyoiona YouTube yenye silaha mpya au sura mpya, usiitarajie huku.

Switch inafaa kwa anayetaka kuicheza safarini. Modi za bure haina. Ile ya Game Pass ya kompyuta (huduma ya Microsoft ya kulipia kila mwezi) na ile ya duka la Epic zinafaa kuonja gemu tu, maana SKSE haizitambui. Na lile toleo la 2011 la biti 32 linashindwa kutumia kumbukumbu ya zaidi ya GB 4, hivyo modi zikizidi hujifunga lenyewe. Usilinunue, hata kwa bei ya kutupa.

Upande wa mashine, mahitaji rasmi ya chini ni madogo: prosesa ya Core i5-750, RAM ya GB 8, kadi ya picha ya GTX 470 na nafasi ya GB 12. Laptopu yenye picha za ndani ya prosesa, kama Iris Xe au Vega 8, huiendesha gemu tupu kwa mipangilio ya chini. Ukitaka modi za mandhari, kinachobana mapema ni kumbukumbu ya kadi ya picha. Kwenye kadi ya GB 4 chukua teksha (picha zinazovikwa juu ya vitu) za 1K au 2K. Za 4K kwenye skrini ya 1080p hazionekani tofauti ya maana, ila zitajaza kadi na picha itaanza kukatika kila unapogeuka. Iweke gemu kwenye SSD.

Usakinishaji ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo fuata mpangilio huu. Kwanza, weka gemu nje ya folda ya Program Files, kwa sababu Windows huilinda folda hiyo na zana za modi hushindwa kuandika humo. Ifungue mara moja kupitia Steam ili itengeneze faili zake za mipangilio. Kisha ingia kwenye sifa za gemu ndani ya Steam, uchague isasishwe pale tu inapofunguliwa, na kuanzia hapo uwe unaifungua kwa skse64_loader.exe, faili ya kuwashia SKSE, kupitia Mod Organizer 2, zana ya kupanga modi. Zana hii huacha folda ya gemu ikiwa safi kwa sababu kila modi inakaa kwenye folda yake. Mwisho, bofya SkyrimSE.exe kwa kitufe cha kulia, tazama namba ya toleo, uchukue SKSE ya namba hiyo hiyo. Namba ndiyo ya kuangalia, si maandishi ya Special au Anniversary. Address Library, modi ambayo modi nyingi za SKSE huitegemea, nayo ina faili mbili, moja ya 1.5 na nyingine ya 1.6 na kuendelea. Ukichukua isiyo yako, modi nyingi zitagoma kwa pamoja. Sasisho la Desemba 2023 liliangusha mipangilio ya watu wengi kwa sababu hiyo hiyo: gemu ilibadilika namba, faili za DLL zikabaki za zamani.

Anza na chache: Address Library, SkyUI, Unofficial Skyrim Special Edition Patch (ya kurekebisha hitilafu za gemu) na SSE Display Tweaks. Cheza nusu saa. Halafu ongeza tano tano, ukijaribu kila mara, ili kitu kikiharibika umjue mkosaji.

Haya ndiyo utakayokutana nayo. Mkokoteni wa mwanzo wa gemu ukirukaruka na kupinduka, kasi imepita fremu 60 kwa sekunde; fizikia ya injini hii imefungwa kwenye kasi hiyo, na SSE Display Tweaks hurekebisha. Vitu vikiwa vya zambarau, kuna teksha ambazo gemu haizioni. Mhusika mwenye uso mweusi na mwili wa rangi nyingine maana yake modi mbili zinamgombania: rekodi ya data yake imetoka kwenye moja na umbo la kichwa limetoka kwenye nyingine; panga zote mbili zitoke kwenye modi ileile. Gemu ikijifunga kabla ya menyu, mara nyingi kuna plagini (faili ya modi inayobeba mabadiliko yake) inayotegemea faili mama, yaani plagini nyingine, ambayo hukuiweka. Plagini kamili mwisho ni 254, lakini zile zilizotiwa alama ya wepesi zina nafasi yake ya karibu 4,096. Na kosa baya kuliko yote ni kuondoa modi yenye skripti (amri zinazoendeshwa wakati unacheza) katikati ya mchezo. Mabaki yake hubaki ndani ya sevu, na yanaweza kukuharibia baada ya saa nyingi, ukiwa umeshasahau ulichofanya. Modi ya namna hiyo ukitaka kuitoa, anza mhusika mpya.

Hesabu na bando. Orodha kubwa za Wabbajack hupita GB 100 kwa urahisi, na asiyelipia Nexus Mods, tovuti ya kupakulia modi, hulazimika kubofya faili moja moja. Kwa anayenunua data kwa GB, gharama hiyo itapita bei ya gemu mara kadhaa. Modi 30 au 40 zilizochaguliwa kwa makini, bila teksha nzito, ni GB chache tu na hubadilisha mchezo kabisa. Iwapo una nafasi ya kupakua kitu kimoja kikubwa, chukua Enderal ya timu ya SureAI: dunia mpya, hadithi mpya yenye uzito kuliko ya Skyrim, bure kwenye Steam kwa mwenye Skyrim. Enderal peke yake inatosha kuhalalisha dola 10 zako.

Kuhusu washindani: The Witcher 3 ya 2015 inaishinda Skyrim kwa hadithi na mazungumzo, na tangu 2024 ina zana rasmi ya modi, REDkit, ila lazima uwe Geralt, mhusika wake mkuu, hutengenezi mtu wako. Oblivion Remastered ya Aprili 2025 inapendeza machoni, lakini ni nzito kwa mashine na ilitoka bila msaada rasmi wa modi. Mwenye laptopu dhaifu kabisa atafute Morrowind ya 2002, gemu ya awali ya mfululizo huu huu, na kuiendesha kwa OpenMW, injini ya bure iliyotengenezwa na mashabiki.

Steam haina bei za shilingi. Utatozwa dola, na benki itaongeza makato yake ya ubadilishaji. Kadi yoyote ya Visa inayoruhusu malipo ya mtandaoni inatosha, na kwa Kenya ile kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay pia. Ofa kubwa za kusubiri ni za mwisho wa Juni na za Desemba. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua na ukiwa umecheza chini ya saa 2, kwa hiyo usizimalize saa hizo ukichonga pua ya mhusika. Toka Helgen, shuka Riverwood, nenda mpaka uwanda wa Whiterun, na usome kasi ya fremu ukiwa nje, si ndani ya nyumba. Ikiwa hapo haifiki 30 kwa mipangilio ya chini kabla ya modi hata moja, omba pesa yako siku hiyo hiyo.