Miezi minne na kipima upepo changu: nilivyoukagua utabiri wa kwenye simu

Nina boti ndogo ya tanga. Kwa muda mrefu nilikuwa naamua siku ya kutoka kwa kuangalia programu moja ya simu inayoonyesha kwa pamoja modeli kadhaa za upepo, yaani utabiri unaokokotolewa na kompyuta. Zikipishana, naifuata ile yenye habari njema. Siku moja nusura boti ipinduke, nikaona yatosha. Nikanunua kipima upepo cha vikombe vitatu, kinachohifadhi data chenyewe.

Wiki tatu za kwanza sikuambulia kitu. Kifaa kilisoma upepo mdogo kuliko modeli zote, nami nikawa nazilaumu modeli. Kumbe upepo ambao modeli huutabiri ni wa mita 10 kutoka ardhini, na mimi nilikifunga mita 3! Hata kwenye uwanja wazi wa nyasi fupi, kasi ya mita 3 huwa karibu asilimia 80 tu ya ile ya juu. Tena palikuwa na mti jirani, ilhali kipimo kinatakiwa kikae mbali na kizuizi angalau mara 10 ya kimo cha kizuizi hicho. Nikahamisha mlingoti wa kifaa na kuurefusha, nikaweka wastani wa dakika 10 badala ya kile kilele cha sekunde 3, na saa zote nikazigeuza ziwe za UTC, saa za kimataifa.

Hapo ndipo kifaa kilipoanza kunifaa kweli. Upepo unaoletwa na mifumo mikubwa ya hewa modeli ziliupata vizuri, hata siku mbili kabla. Tatizo ni ule wa mchana unaotoka majini kuingia nchi kavu. Modeli hugawa ramani kwa miraba: mraba wa GFS, modeli ya Marekani, ni wa kilomita 13 hivi, wa ECMWF, ya Ulaya, ni 9. Ghuba ndogo humezwa na mraba mmoja, nusu maji nusu ardhi. Kwangu upepo huo uliwahi kuliko ilivyotabiriwa, na ulikuja na nguvu zaidi. Lakini nilipopiga wastani wa makosa ya mwezi mzima nilipata karibu sifuri, kwa sababu asubuhi utabiri ulizidisha na mchana ukapunguza. Sasa nahesabu kila saa peke yake, na kila upande upepo unakotoka peke yake.

Programu yenyewe naipa nyota tatu. Ina ukurasa wa “upepo wa sasa” ambao nilidhani ni vipimo, kumbe ni modeli ileile. Hata vipimo vya meli, maboya na setilaiti huingizwa kwenye modeli, kwa hiyo kuukagua huo “upepo wa sasa” kwa vipimo hivyo ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Mlingoti wangu hakuna modeli inayoujua.

Kipima upepo nyota nne: upepo ukiwa hafifu sana vikombe havizunguki, kinaandika sifuri.

Jana utabiri ulisema upepo utaingia saa tisa. Niliteremsha tanga saa saba na nusu, na saa nane ulikuwa umeshafika.