Ndosho walimkata mdogo wangu mguu, wakamwachia goti

Mwisho wa Januari 2025, Goma ilipokuwa inapigwa, kipande cha bomu kilimpasua mdogo wangu kifundo cha mguu. Jirani alimfunga kitenge, akakikaza. Zahanati tuliyoanzia walimsafisha juujuu, wakashona palepale, nasi tukawashukuru. Siku ya tatu mguu ulivimba hadi ngozi ikang'aa. Ulikuwa unanuka, na ukiubonyeza unasikia kitu kinakwaruza ndani kama chumvi.

Tulimsukuma kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hadi Hospitali ya CBCA Ndosho, ambako wapasuaji wa CICR, yaani Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, walikuwa wanahudumia majeruhi wa vita. Hatukulipa hata franka. Munganga, yaani daktari, alimketisha mama, akamweleza: "Mama, ni gangrini, nyama inaoza na vijidudu vinatoa hewa humo ndani. Tukingoja kesho, tutampoteza mtoto." Mama alikataa mguu usikatwe. Hakuna aliyemfokea. Muuguzi alikaa naye, akamshika mkono hadi akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali.

Kesho yake nilikasirika sana. Kigutu hakikushonwa! Kilifunikwa bendeji nene tu, nikadhani kazi wameiacha nusu. Kumbe jeraha la vita halifungwi siku ya kwanza, maana ukishona unafungia uchafu na nyama iliyokufa humo ndani. Linaachwa wazi siku nne tano hivi, halafu anarudishwa chumba cha upasuaji. Wakikuta nyama ni nzima, ndipo wanafunga. Yeye walimfunga siku ya tano. Laiti zahanati ile ingefanya hivyo.

Ninachowashukuru zaidi ni goti. Walikata chini yake, na mfupa ule mwembamba wakaufanya mfupi kidogo kuliko mwenzake ili usije ukachoma. Mwenye goti lake hachoki upesi akitembea na mguu bandia. Na bendeji walitufundisha wenyewe: ikazwe nchani, ilegezwe ukipanda juu, kila siku, kigutu kipungue na kukaa vizuri.

Mguu bandia alipewa kwingine, wa plastiki nyepesi. Kigutu kiliendelea kupungua, kikawa kinacheza ndani, akarudi mara mbili warekebishe. Mpira wa unyayo nao unalika haraka kwenye makoro yetu haya, mawe makali ya volkano.

Sasa anakwenda sokoni peke yake. Usiku bado ananiamsha: "Dada, vidole vinaniwasha," vya mguu ule ule. Namkandakanda kigutu polepole hadi alale.