Darubini ya 10x50 kwa sisi watu wa UFO (vitu visivyotambulika angani): chukueni

Kama na wewe kila taa ikikatiza angani usiku lazima usimame uitazame, hii darubini ya macho mawili ya 10x50 itakufaa sana aisee. Inakuza mara 10, lenzi zake za milimita 50 zinaingiza mwanga wa kutosha, kwa hiyo kile kitaa kinachokuchanganya unajua fasta kama ni ndege, maana taa nyekundu na ya kijani za mabawani zinajitenga kabisa, au ni satelaiti tu inapita zake. Sayari ya Zuhura (Venus) nayo huwa inadanganya wengi, wanadhani ni UFO.

Ila utamu wenyewe uko kwa sayari ya Mshtarii (Jupiter)! Unaona miezi yake mikubwa imejipanga kama shanga, ile ile minne aliyoiona mwanaastronomia Galileo mwaka 1610, na mmoja wao ni Europa ambao wanasayansi wanaamini una bahari chini ya barafu, yaani mi hapo nasisimka mwili mzima, huenda kuna kiumbe anaogelea humo saa hizi.

Kasoro yake, mikono ikitetemeka kila kitu kinacheza, so egemea ukuta. Na ukinunua hakikisha ina tundu la kufungia stendi, isiyo nalo achana nayo.