Seti ya kuchanganyia kokteli: miezi minne jikoni kwangu Mbweni

Nimekaa na seti hii miezi minne, na kwa kuwa watu wawili kazini wameniuliza kama na wao wanunue, naandika yote niliyoyaona.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Mkristo, na huu ni mwaka wangu wa sita Mbweni, Unguja. Nakunywa kidogo, nyumbani, mlango umefungwa. Hapa pombe huuzwa hotelini na kwenye maduka machache yenye leseni, majirani zangu karibu wote hawanywi, na Ramadhani ikiingia chupa zangu hukaa kabatini mpaka Idi ipite. Hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo lililokuja kunifungua macho kuhusu seti yenyewe.

Niliiagiza kwa simu kwa muuzaji wa Dar, shilingi 65,000, ikaja kwa boti. Ndani yake mna sheka ya vipande vitatu, yaani kopo, kifuniko chenye matundu ya kuchujia na kofia yake ya juu. Kipimo cha pande mbili. Chujio lenye springi. Kijiko kirefu cha kukorogea. Na mchi mdogo wa mbao.

Kipimo ndicho kilichobadilisha vinywaji vyangu. Zamani nilimimina kwa jicho, leo kali, kesho maji matupu, nisijue kosa liko wapi. Hiki kimeandikwa 30 upande mdogo na 60 upande mkubwa. Sikukiamini. Nilinunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, nikajaza maji kidogo kidogo: upande mdogo ulifurika kwenye 26, mkubwa kwenye 53. Muuzaji alipoulizwa alinijibu kwamba vyote viko hivyo, basi. Lililoniudhi ni kwamba namba zimechongwa kabisa kwenye chuma na si za kweli. Hata hivyo mkubwa bado ni karibu mara mbili ya mdogo, na kwenye kokteli uwiano ndio wenye kazi kuliko ujazo wenyewe. Kwa hiyo ninakitumia kila mara, ila sikiiti tena 30 na 60. Nakiita toti moja na toti mbili.

Kinywaji ninachokipima zaidi ni Konyagi, kwa mtindo wa dakiri, kokteli ya ramu ya Cuba: pombe, ndimu, sukari. Kabla ya kuchanganya chochote huionja kwanza peke yake, kidogo tu kwenye glasi, pua juu na mdomo wazi kidogo ili ukali usinichome, kisha naongeza matone ya maji na kuonja tena. Konyagi ina asilimia 35 ya kileo, wakati ramu na jini nyingi za nje zinafika 40 au karibu na hapo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ukifuata vipimo vya ramu ya watu bila kubadili, ndimu inaimeza Konyagi yote na unabaki na uchachu. Mimi nimefikia toti mbili za Konyagi, robo tatu ya toti ya ndimu, nusu toti ya shira. Ndimu za Darajani zikiwa ndogo utakamua mbili au tatu.

Shira kila mtu wa pwani anaijua kwa kaimati, ila hii isipikwe mpaka ivutike. Sukari kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, ichemke kidogo tu sukari iyeyuke, basi. Karafuu naitia baada ya kuepua, punje tatu, na baada ya robo saa naitoa. Mara ya kwanza nilichemsha kijiko kizima cha karafuu nikidhani ndiyo Uzanzibari, na ulimi ukafa ganzi kama nimetoka kwa daktari wa meno. Na ndivyo hasa ilivyo: mafuta ya karafuu, yale yenye kemikali ya yujenoli (eugenol), ndiyo madaktari wa meno huyatumia kutuliza maumivu.

Sasa sheka. Ni nzuri machoni, na hapo ndipo uzuri wake unapoishia. Ukishatikisa na barafu sekunde 12 hivi, kopo linapoa, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, na kifuniko kinanyonywa kinaganda. Usiku wa kwanza nilihangaika nacho mpaka barafu yote ikayeyuka ndani, kinywaji kikawa uji wa maji. Dawa yake ni kukizungushia kitambaa cha maji ya moto na kukigonga ubavuni kwa kiganja. Inafanya kazi, lakini kila glasi?

Aliyeniponya ni jirani yangu, bibi wa Kipemba tunayepakana naye ukuta. Asubuhi moja nilimwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usiku unatikisa nini? Nasikia kama mtu anapepeta kokoto."

Sikumficha. Nikamwambia ni kinywaji changu, tena si cha kumkaribisha yeye.

Akafikiri kidogo, akasema, "Basi na mimi nitikisie changu, lakini si kwa chombo hicho."

Jioni akaja na mtungi wa kioo wa jemu, umeoshwa, una kifuniko cha kufungua kwa kuzungusha, pamoja na kichujio chake cha chai. Nikamtilia humo rojo la ukwaju, shira ya hiliki, ndimu kidogo na mapande makubwa ya barafu, nikatikisa sekunde zile zile. Kifuniko kikafunguka kwa zungusho moja. Ukwaju ulitoka baridi sana, una povu jembamba juu, na hiliki inaisikia pua kabla ya ulimi. Alikunywa glasi mbili, na mtungi ukabaki kwangu, rafu ya juu, mbali na vyombo vya pombe. Ni wake huo, siugusi kwa kazi nyingine.

Kesho yake nikatafuta mtungi wangu mwenyewe kwa ajili ya Konyagi. Nikapima: toti nne za vitu ziliingia, zikatoka toti tano na ushee, yaani maji ya barafu yaliongeza kama robo ya vilivyoingia, sawasawa na sheka. Ladha sikuweza kuitofautisha. Toka siku hiyo sheka imekaa bila kazi.

Mchi wa seti usiutumie. Umepakwa vanishi, na nilipoponda ndimu na asali kwa ajili ya dawa, ile kokteli ya vodka iliyopata umaarufu Nairobi, vipande vya vanishi vilielea kwenye glasi. Nilimwaga yote. Fundi seremala alinichongea mwingine wa mfenesi usiopakwa kitu. Springi ya chujio nayo ilishika kutu wiki ya tatu. Hewa ya bahari ya huku haisamehe, lakini boksi limeandikwa kwamba haishiki kutu. Kijiko kirefu hakina tatizo.

Jambo moja nimeligundua ambalo halimo kwenye seti yoyote: danzi. Likeri, yaani pombe tamu zenye ladha, za machungwa kutoka nje, kama Cointreau, hupata harufu yake kwenye maganda ya machungwa matamu na machungu, na danzi letu ndilo chungwa chungu. Kwa sheria za Ulaya likeri ya machungwa lazima iwe na sukari angalau gramu 100 kwa lita, kwa hiyo ukiimimina kwa ukarimu, utamu unafunika kila kitu. Mimi namenya ganda la danzi jembamba, bila weupe wake, nalikunja juu ya glasi. Ukiliangalia karibu na taa unaona mafuta yakiruka kama vumbi la maji na kutanda juu ya kinywaji. Siku hizo natia Cointreau robo toti tu, na napunguza shira.

Niliowajibu kazini nimewaambia hivi: msinunue seti. Tafuteni kipimo peke yake, mkipime kwa bomba la sindano siku hiyo hiyo kabla hamjakitumia, na mtungi wa jemu wenye kifuniko kizima. Kama mna mgeni asiyekunywa, wekeni mitungi miwili.