Miaka sita na visu vitano vya kukunja: sasa naangalia kwanza kama chuma kinameguka

Pengo lilikuwa dogo, upana wake kama milimita mbili, karibu na katikati ya makali. Sikio lililigundua kabla ya jicho. Nilikuwa nakata mkanda wa plastiki uliofunga paleti, na badala ya kisu kupita kwa mkupuo mmoja, kikakwaruza, kikanasa. Nikakigeuza kwenye taa, nikaona nukta inang'aa pale ambapo makali mazima hayarudishi mwanga hata kidogo. Dakika chache kabla nilikuwa nimefungua boksi kubwa lililobanwa kwa pini nene za chuma, na pini moja nilipita juu yake bila kuiona. Hivyo ndivyo kisu cha bei kubwa kuliko vyote nilivyowahi kununua kilivyong'oka jino.

Kazi yangu ni kupokea mizigo na kufunga mitambo. Kisu kinatoka mfukoni mara thelathini, arobaini kwa siku. Kinakata maboksi, mikanda, mipira na nyaya ndogo, kinabandua gundi iliyokauka juu ya bati, kinachonga vipande vya mbao vya kusawazishia mashine. Nimepitisha vyuma vitano tofauti kwenye kazi hiyo hiyo kwa miaka sita hivi. Nilipokuwa nauliza ninunue kisu gani, kila niliyemwuliza alinieleza jambo moja tu, kinakaa na makali kwa muda gani. Hakuna aliyeniambia kikigonga kitu kigumu kitakuwaje, na kwa kazi kama yangu hilo ndilo la kuanza kuuliza.

Kisu kilichomeguka kilikuwa cha chuma kiitwacho S90V. Si chuma kibaya, na sitaki mtu asome hivyo. Kina kaboni asilimia 2.3 na metali ya vanadi asilimia 9. Vanadi ikishikana na kaboni hutengeneza chembe ngumu mno ziitwazo kabidi, ambazo hutawanyika ndani ya chuma kama kokoto ndani ya zege. Hizo ndizo zinazozuia makali yasilike. Nilikata maboksi wiki nzima, na Ijumaa kisu bado kilikuwa kinanyoa nywele za mkono. Hakuna kingine katika vile nilivyotumia kilichofika hapo. Lakini kokoto zikizidi kwenye zege, saruji ya kuzishikilia inapungua, na ufa ukishaanza unarukia kabidi moja hadi nyingine. Makali ya kisu changu yalikuwa yamenolewa nyembamba, nyuzi 15 kila upande, kwa hiyo pini ya chuma ilikuta ukuta mwembamba usiojua kupinda. Ukakatika.

Maumivu zaidi yalikuja kwenye kunoa. Kufuta pengo ni kushusha makali yote, kuanzia mpinini hadi nchani, mpaka yalingane na kina cha lile pengo. Nilikuwa na kinoo cha kawaida cha oksidi ya alumini, kile kile kilichonitumikia miaka mingi. Kabidi za vanadi ni ngumu kuliko oksidi ya alumini. Nilisugua jioni mbili. Kinoo kikaanza kuingia bonde katikati, pengo likabaki linanitazama. Ikabidi nitafute bamba la almasi, na hata kwa almasi nilimaliza jioni ya tatu nikiwa na vidole vyeusi na kisu kilichopungua upana. Anayenunua chuma cha vanadi nyingi anunue na kinoo cha almasi siku hiyo hiyo. Asingoje kama nilivyongoja mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kutenganisha mambo mawili niliyokuwa nayachanganya siku zote, ugumu na ustahimilivu. Ugumu, ule unaopimwa kwa kipimo cha Rockwell na kuandikwa 58, 60 au 62, ni uwezo wa chuma kukataa kubonyea. Ustahimilivu ni uwezo wa kupokea kishindo kisivunjike. Kioo ni kigumu, lakini kiangushe uone. Ustahimilivu una kipimo chake, chenye jina la Mfaransa Georges Charpy: nyundo ya pendulamu inaachiwa ivunje kipande cha chuma, kisha inapimwa nguvu kiasi gani imeliwa na kule kuvunja. Wauzaji wengi huandika namba ya kwanza kwenye boksi la kisu. Ya pili sijawahi kuiona kwenye boksi lolote.

Wakati kile kisu cha bei kubwa kiko kwenye matengenezo nilinunua cha muda, cha bei ndogo, chuma chake 14C28N. Hiki ni chuma cha Sandvik wa Sweden, kampuni ambayo tawi lake la vyuma lilijitenga 2022 na sasa linaitwa Alleima. Kaboni ni asilimia 0.62 tu, kromu, metali inayokinga kutu, 14, na naitrojeni kidogo. Ni wa ukoo wa vyuma vya nyembe, na ukifikiri kidogo utaona kwa nini ukoo huo unafaa. Makali ya wembe ni membamba kiasi kwamba kabidi kubwa ikikaa hapo ni kama kokoto kwenye ukingo wa sahani. Itang'oka na kuacha shimo. Kwa hiyo waliotengeneza vyuma vya nyembe walihangaikia kabidi ndogo na chache, na mwenye kisu cha kazi ngumu akafaidi ustahimilivu ambao haukuwa umekusudiwa kwake.

Wiki ya kwanza tu kiligonga msumari ndani ya ubao wa kreti. Nilisikia ule mlio, moyo ukashuka. Nikapitisha ukucha taratibu juu ya makali kutoka mwanzo hadi mwisho, maana ukucha huhisi kasoro ambayo jicho halijaiona. Mahali pamoja ukakwama. Nilipoangalia kwa lenzi ya kukuzia sikuona pengo. Makali yalikuwa yamelala upande mmoja, mstari mwembamba wa fedha wenye urefu wa milimita tatu hivi. Hakuna kilichokuwa kimepotea, chuma chote kilikuwa bado pale. Nilikipitisha kwenye kinoo changu cha zamani mara kumi kila upande, nikamalizia kwenye ukanda wa ngozi, nikarudi kazini kabla chai haijapoa. Kusema kweli nilikaa nakitazama kile kisu kwa muda. Pini imenigharimu jioni tatu kwenye kisu cha thamani, msumari umenigharimu dakika tano kwenye kisu cha muda.

Kina ubaya wake, na ni ubaya wa kila siku. Kwenye maboksi kinachoka haraka. Siku ya pili jioni unakihisi kinasukuma badala ya kukata, na usiponoa, siku ya tatu unatumia nguvu, na kisu butu kinachotumiwa kwa nguvu ndicho kinachokata mkono. Mimi nilizoea kukipa dakika chache kila jioni. Mtu asiyependa kunoa kabisa atakichukia, na sitambishia.

Cha tatu kilikuwa D2, nacho sitakaa nacho sana. Kaboni asilimia 1.5, kromu karibu 12. Ni chuma cha zamani cha kutengenezea zana za viwandani, na visu vingi vya bei ya kati vinacho. Makali yanadumu vizuri. Ila cha kwangu hakikuwa cha unga, na kabidi zake za kromu ni kubwa, kwa hiyo kilikuwa kinatoka vijipengo vidogo vidogo kila mara, kama msumeno wa panya. Tena kinashika kutu, jambo lililonishangaza kwa chuma chenye kromu nyingi hivyo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya kromu imefungwa ndani ya kabidi, na kromu iliyofungwa hailindi chochote. Inayolinda ni ile iliyobaki huru ndani ya chuma chenyewe. Nilikitoa kwa mwenzangu kazini na anakipenda.

Nimetaja unga, na hili nilieleze vizuri, kwa sababu lina uzito kuliko majina mengi yanayoandikwa kwenye bapa. Chuma cha kawaida kinamiminwa kikiwa uji, kinapoa polepole, na kabidi zinapata nafasi ya kukua. Kampuni ya Crucible ya Marekani ilikuwa miongoni mwa walioanzisha njia nyingine: uji wa chuma unapuliziwa gesi kwa nguvu mpaka unakuwa matone madogo yanayoganda papo hapo, kisha unga ule unashindiliwa kwa joto na mgandamizo mpaka unakuwa kipande kimoja. Kabidi zinabaki ndogo na zimesambaa sawasawa. Ndiyo maana ya herufi CPM mbele ya majina mengi. Hata hivyo unga haufanyi kila chuma kuwa stahimilivu. S90V nayo ni ya unga. Kokoto zake ni ndogo, lakini ni nyingi mno.

Kisu changu cha nne, cha CPM 3V, kilikuwa na kokoto ndogo na chache: kaboni asilimia 0.8, kromu 7.5, vanadi 2.75. Sijawahi kutumia chuma kinachopokea vishindo kama hiki kwenye kisu cha kukunja. Nimechonga nacho mbao ngumu zenye mafundo, nimekwangua saruji iliyomwagika juu ya bomba, nimegonga pini zisizo na idadi, na katika mwaka mzima sikuona pengo hata moja. Makali yalidumu karibu mara mbili ya 14C28N kwa hisia zangu, bila kupima. Kilichonitenganisha nacho ni jasho. Kisu kinakaa mfukoni, mfuko unalowa, na kromu 7.5 haitoshi. Wiki moja ya mvua nilikifungua nikakuta vidoa vya rangi ya chungwa pembeni ya makali na ndani ya bawaba, mahali kitambaa hakifiki bila kufungua skrubu. Ningekuwa mtu wa kupaka mafuta kila jioni, ningekuwa nacho hadi leo. Kwa kisu kisichokunjwa, kinachokaa kwenye ala na kufutwa kirahisi, ningechagua 3V bila kuwaza mara mbili.

Sasa natembea na cha tano, cha chuma kiitwacho MagnaCut, mwaka wa pili huu. Aliyekibuni ni Larrin Thomas, mtaalamu wa metali wa Marekani, na kilitoka 2021. Kina kromu asilimia 10.7 tu, chini ya D2, lakini hakishiki kutu kama D2, kwa sababu kilipangwa kisiwe na kabidi za kromu kabisa. Kromu yote inabaki huru ikifanya kazi ya ulinzi, na kazi ya kokoto wameachiwa vanadi na metali nyingine, niobi, ambazo kabidi zake ni ndogo. Mimi niliamini nilipopitisha msimu wa mvua mfuko ule ule uliokula 3V, nikafungua bawaba, nikakuta pasafi.

Kinapinda kabla ya kumeguka. Nimegonga pini mara nyingi. Mara moja tu nimeona kijipengo cha kweli, chembamba kuliko unywele, kikaisha kwa kunoa kwa kawaida. Hakifiki uvumilivu wa 3V, na kwenye kazi ya maboksi peke yake S90V inakipita wazi. Kinahitaji almasi, ingawa si kwa mateso yale.

Jina la chuma peke yake lisikutoshe. Mwenzangu alinunua kisu cha 14C28N cha mtengenezaji mwingine, akidhani kitakuwa kama changu. Makali yake yalikuwa yanajikunja kwenye mkanda wa plastiki tu, kama karatasi ya fedha. Chuma ni kile kile, ila hakikupikwa vizuri: joto, kuzimwa, kurudishiwa moto, hatua hizo ndizo zinazoamua. Mtengenezaji anayeandika wazi namba ya Rockwell nampa imani zaidi kuliko anayeandika jina la chuma kwa herufi kubwa. Kwa MagnaCut natafuta 62 hadi 64. Ikishuka sana chini ya hapo, unalipia jina.

Na pembe ya makali. Ile S90V iliyong'oka jino, nilipoitengeneza niliinoa kwa nyuzi 20 kila upande badala ya 15, na tangu hapo haijameguka tena. Ningelijua hilo mapema, huenda nisingepitia visu vingine vinne, ingawa nafurahi nimevipitia. Kabla ya kubadilisha kisu, badilisha pembe kwanza, ni bure.

Jambo moja nisisahau: chuma stahimilivu hakigeuzi kisu cha kukunja kuwa mtaimbo. Ncha ni nyembamba, na bapa lina tundu la pini ya bawaba ambapo ndipo panapobeba mzigo wote ukikipinda kwa upande. Nimeona komeo likiachia kabla bapa halijaonyesha dalili yoyote, vidole vikaponea chupuchupu. Mfuniko wa kreti nafungua kwa mtaimbo.

S90V sijaiuza. Iko kwenye droo ya meza ninapofungulia vifurushi vidogo vya karatasi, visivyo na pini, na mara ya mwisho kuipeleka kwenye almasi ni miezi minne iliyopita.