Kadi za José Oquendo: boksi zima au moja moja?

Mwaka 1988 Oquendo alicheza nafasi zote tisa za besiboli akiwa na St. Louis Cardinals, timu ya Marekani, hata kurusha mpira, lakini kadi zake, zile za picha za wachezaji ambazo watu hukusanya, si ghali. Za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilichapwa kwa wingi mno. Kinachokula pesa ni posta.

Boksi la 1989 la Topps, kampuni ya kadi ya Marekani, ambalo halijafunguliwa lina pakiti 36 zenye kadi 15 kila moja, yaani 540. Seti nzima ni kadi 792. Kwa hiyo unaweza kumaliza boksi lote usimpate. Tena kadi iliyogusana na chingamu iliyotiwa ndani ya pakiti hutoka na doa. Ukitaka raha ya kufungua, sawa. Ukimtaka mchezaji, afadhali seti kamili ya kiwandani, humo yumo kwa hakika.

Kununua moja moja ndiko kunakomfaa zaidi anayekusanya kadi za Oquendo. Panga orodha kwa mwaka na kampuni, kisha nunua nyingi kwa muuzaji mmoja ili gharama ya kutuma iwe moja. Omba picha ya nyuma: O-Pee-Chee ya Kanada karibu inafanana na Topps kwa mbele, ila nyuma ina Kiingereza na Kifaransa. Topps Tiffany, toleo maalumu la Topps, hung'aa, na mgongo wake ni mweupe zaidi. Hizo huzipati kwenye boksi la kawaida la Topps hata ufungue mangapi.

Kadi ikifika, ivalishe mfuko laini kwanza, ndipo uitie kwenye ganda gumu la plastiki. Ikiingia tupu, kona huchubuka.